Aliyechora Bandama la Ngamia

Tulikuwa tumeshaipita Tinde, jua limeanza kulegea, ndipo Edward alipoutaja mzigo aliokuwa anaufuata. Tangu asubuhi, aliponipa lifti kwenye Fuso lake pale Kalangalala mjini Geita, alikuwa amezungumza habari za nyama tu: ya shingo, ya paja, ile ambayo wachimbaji huipenda wakitoka duarani, chini shimoni, na vumbi puani. Ana bucha mbili na kinywa kisichopumzika. Mimi nilikuwa nimekaa wiki tatu kwenye machimbo ya dhahabu na sasa nilitaka kuona vilima vya mchanga wa almasi huko Songwa, ambako nilikuwa sijawahi kufika.

“Ngamia,” alisema. “Jumamosi wateja wangu wanakula ngamia. Nimeshaandika kwenye ubao.”

Kati yetu alikaa mama mmoja wa miaka sitini na mitatu, amevaa kitenge cha bluu, miguu yake juu ya sanduku la bati. Tangu Kahama alikuwa anasali rozari kimya kimya. Nilijua jina lake tu, Mama Elieth, na kwamba alikuwa anarudi kwake Songwa baada ya mwaka na miezi miwili Geita, akimlelea mwanawe Elieth mtoto. Rozari ikasimama.

“Ngamia gani?”

“Ngamia, mama. Yule mwenye nundu. Kuna mfanyabiashara Songwa, Masudi, alileta wawili, dume na jike, wamsombee maji na kubeba watoto kwenye maonyesho ya Nane Nane. Dume nilimchukua miezi minne iliyopita, nyama ikaisha kabla ya saa nne asubuhi. Sasa namfuata jike. Tasa yule.”

“Nani kasema tasa?”

“Mwenyewe.”

“Mwenyewe Masudi, au mwenyewe ngamia?”

Edward alicheka hadi akapunguza mwendo. Mama Elieth hakucheka. Alihesabu kitu kwa vidole, akarudia kuhesabu, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa: “Akisogelewa na mtu, mkia anaufanyaje?”

“Mama, mkia nauza kwa supu. Zaidi ya hapo sijui.”

Akarudi kwenye rozari yake hadi tulipofika.

Songwa ilitupokea na vumbi jeupe na vilima vya mchanga uliokwisha kuchekechwa, virefu, vimekatika juu kana kwamba mtu alivipitishia panga. Nyumba zimezungukwa na uzio wa minyaa. Nilikuwa nimejiandaa na salamu yangu ya Kisukuma, “mwadila”, lakini mwanamke wa kwanza aliyetusalimia alinipita akamkumbatia Mama Elieth. Huyu alikuwa Martina, jirani yake, aliyekuwa akimtunzia kuku.

“Mayu, umerudi! Na mgeni huyu?”

“Ni msafiri. Atalala chumba cha Elieth. Martina, huyo ngamia yuko wapi?”

“Hujanisalimia, hujaingia ndani, unauliza ngamia?”

“Nisamehe. Kuku wazima? Watoto wazima? Ngamia yuko wapi?”

Alikuwa nyuma ya duka la Masudi, amefungwa kwenye kigingi, anatafuna majani ya mgunga. Watoto walimwita Bibi Harusi kwa sababu ya mwendo wake wa kujivuta na kope zake ndefu. Masudi, mtu mnene mwenye kofia ya kufuma, alimwamkia Mama Elieth shikamoo, kisha akampa Edward mkono. Edward akatangulia kumkagua mnyama kama anavyokagua ng'ombe, kwa kumshika mgongoni. Bibi Harusi akainua mkia. Hakuuinua kidogo, aliusimamisha wima, ncha ikajikunja juu ya mgongo, akabaki hivyo, miguu ya nyuma imekaza.

“Unaona?” Masudi alisema. “Ndiyo kazi yake. Tangu dume akiwa hapa ilikuwa hivi hivi. Akisogea tu, mkia juu. Kila siku anamtaka dume, na hashiki mimba. Ng'ombe wa hivyo ungemvumilia miezi yote hii?”

Wanaume wawili watatu waliokuwa wamekaa kwenye kibaraza waliitikia kwamba wasingemvumilia. Hawa ni watu waliozaliwa kati ya ng'ombe. Ng'ombe jike akiinua mkia na kusimama tuli, mtoto wa miaka saba hapa atakuambia maana yake, na atakimbia kumfuata dume.

Mama Elieth alikuwa ameweka mkono mdomoni.

“Masudi,” alisema, “huyu ana mimba.”

Kibaraza kizima kilicheka. Edward alicheka kuliko wote, ingawa macho yake hayakucheka.

“Mama Elieth, umetoka Geita leo, hujanywa hata maji, tayari umeshampima?”

“Amejipima mwenyewe. Ngamia akishika mimba ndipo anapoinua mkia namna hiyo. Anamwambia dume: nenda zako. Asiye na mimba hafanyi hivyo. Ninyi mmemsoma kama ng'ombe.”

“Umewahi kufuga ngamia wewe?”

“Sijawahi.”

“Basi umejuaje?”

Baadaye alipokuwa akinimiminia chai na kuniwekea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye sahani, aliniambia kwa nini hakujibu pale. Jibu lilikuwa refu kwa kibaraza, na sehemu yake haikuwa ya kusemwa mbele ya mnyama.

Alizaliwa Ushirombo, binti wa katekista, akabatizwa Anisia. Alisoma chuo cha mifugo, na alipomaliza, miaka ya themanini, alipelekwa kaskazini, kwenye machinjio moja karibu na mpaka, awe msaidizi wa maabara. Alikuwa na miaka ishirini na minne na alidhani atapima kinyesi cha ng'ombe. Badala yake alimkuta daktari mmoja wa Kisudani, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, anayeitwa Dakta Amna. Alikuwa na swali moja tu duniani: bandama la ngamia hujengekaje kabla hajazaliwa?

“Nilimuuliza, kwa nini bandama, daktari? Si moyo? Si ini? Akasema moyo una watu wengi wa kuusemea. Halafu akanieleza. Mtoto akiwa tumboni, kwa muda bandama linasaidia kutengeneza damu. Akikua, linakuwa ghala, na kwa ngamia lina misuli, linajikamua kama mtu anayekamua nguo. Alitaka kujua misuli hiyo inaanza lini. Je, mtoto anajiandaa kwa jangwa kabla hajaliona?”

Alifungua sanduku la bati. Chini ya vitenge na cheti cha ndoa palikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Kila ukurasa ulikuwa na mchoro wa penseli, umri kwa miezi, na urefu wa mtoto kutoka utosini hadi kiunoni. Sijui kuchora, na nimeona vitabu vingi vya madaktari katika nchi nyingi, lakini sijaona mkono wenye subira kama ule. Miezi miwili: kitu kama punje ya uwele, chepesi, kimeng'ang'ania ukuta wa tumbo la kwanza upande wa nyuma, hata hakijaamua umbo lake. Miezi minne: ukucha wa kidole kidogo. Miezi saba: limepinda. Miezi kumi na miwili: mundu mdogo, kamili, unaoweza kuushika kwa mpini.

“Ngamia hubeba miezi kumi na mitatu,” alisema. “Sina mchoro wa mwezi wa kumi na tatu. Karibu na kuzaa hawakuletwa.”

Kazi yao ilikuwa hivi. Wafugaji walileta ngamia machinjioni miaka ya ukame, walipokuwa hawana namna. Anisia alisimama langoni na ndoo yake ya dawa ya kuhifadhi. Hakuna aliyeweza kumwambia yupi ana mimba, kwa kuwa tumbo la ngamia halisemi kitu. Ni mzee mmoja wa wafugaji aliyemfundisha kuangalia mikia. Kuanzia siku hiyo hakukosea. Jike akishushwa kwenye lori, Anisia alimsogelea, na mkia ukisimama, aliandika alama na kwenda kusubiri mahali pa kupasulia.

“Nilifurahi,” aliniambia. “Lazima nikuambie ukweli. Mkia ukiinuka nilifurahi kama mtu aliyepata barua. Miaka minne. Walikuwa arobaini na mmoja. Niliwapima, nikawafungua, nikawachora. Tuliloweka bandama kwenye nta, tukakata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, nikavipaka rangi, nikaviweka chini ya darubini, na Dakta Amna akiviona alinishika bega akasema, Anisia, tazama, huu msuli. Hapo nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Hata siku ya harusi, Mungu anisamehe, na marehemu mume wangu Kamili anisamehe.”

Akacheka, akafuta macho kwa pindo la kitenge.

“Yule mzee aliyenifundisha mikia, siku moja aliniona na ndoo. Akasema, wewe binti unapenda sana watoto wasiozaliwa. Hakusema kwa ubaya. Alisema tu, akaenda kulipwa.”

Dakta Amna aliitwa kwao mwaka wa nne. Vipande vya nta vilikwenda naye, daftari lilibaki. Barua zilikuja mbili, halafu hazikuja. Anisia aliolewa na Kamili, fundi wa mitambo mgodini, ndivyo alivyofika Songwa, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa mkaguzi wa nyama wilayani Kishapu. Kila asubuhi aligeuza mabandama ya ng'ombe kwa kisu, akitafuta lililovimba na kuwa jeusi kwa kimeta. Aliokoa watu wengi ambao hawatajua. Lakini alipozungumza juu ya miaka hiyo alitumia sentensi mbili, na juu ya ile minne alitumia mabirika matatu ya chai.

“Arobaini na mmoja,” alisema, “na sijaona hata mmoja amefumbua macho.”

Asubuhi Edward alikuwa ameshaegesha Fuso kinyumenyume kwenye tuta la udongo nyuma ya duka. Mama Elieth alikuwa amefika kabla yake, amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, kati ya ngamia na lori.

“Mama,” Edward alisema, “mimi nakuheshimu. Wewe ni kama mama yangu. Lakini nimeandika ubaoni.”

“Futa.”

“Wachimbaji hawafutiki, mama. Wanakuja na visu vyao.”

“Masudi, mwite Adam. Kibali cha kusafirisha si lazima aandike yeye? Aje apime kwanza. Akisema ni mtupu, nitaondoka kwenye ndoo hii mwenyewe.”

Adam, bwana mifugo, alikuja na pikipiki akiwa na glovu ndefu za plastiki mfukoni. Alikuwa ameanza kazi chini ya Mama Elieth, na shikamoo yake ilitoka akiwa bado hajazima injini. Hakuwahi kumpima ngamia. Alikiri hivyo waziwazi, jambo lililonifanya nimpende, kisha akavaa glovu hadi begani na kujipaka sabuni. Bibi Harusi alipigishwa magoti na kufungwa kamba. Alilalamika kwa sauti ya mlango mkubwa unaofunguliwa polepole. Watu walikuwa wamejaa. Hata Martina aliacha mboga jikoni.

Adam aliingiza mkono, akatazama mbinguni kama wanavyofanya wote wenye kazi hiyo, na tukasubiri. Dakika mbili. Akautoa.

“Mama,” alisema kwa sauti ya chini, “samahani. Pembe ya mji wa mimba ni nyembamba. Hamna kitu.”

Edward alipiga makofi mara moja. Masudi alishusha pumzi. Nadhani alikuwa ameanza kutumaini bila kutaka.

Mama Elieth hakuinuka kwenye ndoo. “Umeshika pembe ipi?”

“Ya kulia, mama. Ya kushoto nimeipitia, ni kubwa kidogo, imeshuka. Nimedhani ni ugonjwa.”

“Mkono wako umezoea ng'ombe, Adam. Kwa ng'ombe mara nyingi unamkuta ndama kulia, ndiyo maana unaanzia huko na kumalizia huko. Ngamia hubeba kushoto. Wale wangu wote arobaini na mmoja walikuwa kushoto. Rudi. Nenda mbele, halafu chini. Usibonyeze. Gusa kama unagusa maji, halafu ngoja.”

Adam alirudi. Nilimtazama yeye, si ngamia. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mfuko wa mtu mwingine. Kisha ukaganda. Kisha akafungua mdomo.

“Kimenigonga,” alisema. “Nimegusa kikaondoka, kikarudi kikanigonga vidole.”

Hakuna aliyecheka. Mama Elieth alishika magoti yake kwa mikono miwili.

“Ukubwa gani?”

“Kichwa kama… kama limau kubwa, mama.”

“Miezi minne na kitu,” alisema. Na akaongeza, si kwa yeyote kati yetu: “Bandama lake sasa ni kama ukucha wa kidole kidogo. Limeanza kuwa jekundu.”

Adam alijifuta mkono na kusema rasmi, kwa sauti ya ofisi, kwamba kibali cha kumpeleka jike mwenye mimba machinjioni haandiki. Edward alilizunguka lori lake mara mbili. Halafu alisimama mbele ya Mama Elieth akiwa ameshika kiuno.

“Nikawaambie nini watu wangu?”

“Waambie walikuwa karibu kula wawili kwa bei ya mmoja, wewe ukapata hasara.”

Hapo alicheka kweli, akatikisa kichwa, akaenda mnadani Mhunze kutafuta mbuzi. Kabla ya kuondoka alimpelekea Bibi Harusi fungu la majani, akalitupa kwa mbali, kama mtu anayemlipa shemeji faini.

Lakini Masudi alikuwa bado amekaa kwenye kibaraza chake, kofia mkononi. “Sawa, ana mimba,” alisema. “Miezi minane na zaidi imebaki. Nani hapa anajua kumzalisha? Nani anajua mtoto wa ngamia ananyonyeshwaje? Nyie wote mnajua ng'ombe. Tumeshaona kujua kwenu ng'ombe kumetufikisha wapi. Atakufa mikononi mwangu, yeye na mtoto, na nyama tutaitupa.”

Ilikuwa kweli, na Mama Elieth alijua hivyo kuliko wote, kwa sababu daftari lake liliishia mwezi wa kumi na mbili. Siku ya pili alimwambia Masudi ampigie simu yule aliyemuuzia, mfugaji wa huko chini ya mlima Longido. Masudi aliweka simu kwa sauti kubwa ili sote tusikie. Yule mtu alipoambiwa habari ya mkia alicheka muda mrefu, akaita wenzake, nao wakacheka. Kisha akasema: mrudisheni. Maziwa yatakuwa yetu, mtoto wenu, akikua mje mumchukue na mama yake. Masudi aliutambua mpango huo mara moja. Wasukuma nao huwekeana ng'ombe hivyo, huyu anatunza na kunywa, yule anabaki na uzao. Kwa mara ya kwanza tangu ngamia apimwe alivaa kofia yake.

“Atakwenda na nani?” aliuliza. “Dereva wa lori hawezi kumwangalia.”

“Nitakwenda naye mimi,” Mama Elieth alisema.

“Kisha urudi na basi.”

“Nitarudi akishazaa.”

Usiku huo hakukuwa na haja ya mimi kusikiliza, kwa kuwa Elieth alisikika kutoka Geita hata bila simu kuwekwa kwa sauti kubwa. “Mama! Una miaka sitini na mitatu! Unakwenda kulea ngamia?”

“Nimemlea mwanao mwaka mzima, naye alikuwa anauma.”

“Utalala wapi?”

“Walipolala watu. Elieth, sikiliza. Sikuombi kitu. Nakwenda kuangalia mmoja tu akizaliwa. Mmoja.”

Kisha sauti ya Elieth, ndogo zaidi: “Chukua sweta lile zito. Kule kuna baridi.”

Lori lililopatikana lilikuwa limeleta vitunguu Shinyanga na lilikuwa linarudi kaskazini tupu. Adam aliandika kibali, na mahali pa sababu ya safari aliandika “kuzaa”. Martina alileta michembe kwenye kikapu, na akalia, kisha akamsema Mama Elieth kwa kumliza. Tuliweka mchanga na majani makavu garini, na Bibi Harusi alipandishwa kwenye lile lile tuta, safari hii bila kuvutwa sana. Alikaa chini mwenyewe, akakunja miguu, akaendelea kutafuna.

Dereva alifungua mlango wa mbele. “Mama, karibu huku, kuna kiti.”

“Wabeja, baba,” alishukuru. “Nitakaa nyuma.”

“Vumbi, mama.”

“Mbele nitaona barabara tu.”

Tulimwinua mimi na Adam. Alitandika gunia pembeni mwa ngamia, akavaa sweta zito juu ya kitenge ingawa ilikuwa saa tano asubuhi na jua likiwaka, na akaweka daftari magotini na penseli juu yake. Nilimuuliza kama anataka nimwandikie barua kwa mtu yeyote Sudan. Ninajua watu Khartoum, au nilikuwa ninawajua. Alifikiri.

“Subiri kwanza,” alisema. “Hadi sasa sina jipya la kumwambia.”

Lori liliondoka kwa kujikokota, likapita dukani kwa Masudi, watoto wakilikimbilia wakiita Bibi Harusi, Bibi Harusi, likashika njia ya kwenda barabara kuu. Tuliona kichwa cha ngamia na kichwa cha mama, kimoja juu ya kingine, hadi vumbi jeupe la vilima lilipovifunika.

Martina alinigeukia. “Na wewe msafiri, unaondoka lini?”

Nilisema bado, Mama Elieth aliniomba nilale pale hadi mwisho wa mwezi ili nyumba isibaki tupu, na nilikuwa nimekubali.

“Basi njoo nikuonyeshe kuku wanapotagia,” alisema. “Yule mweusi anaficha.”